Printa Yako Haijafa: Kabla Hujatoa Hela, Jua Kosa Liko Upande Gani



Leo sitaongelea jinsi ya kupata wateja wala jinsi ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea kile kidude kinachokaa pembeni ya kompyuta yako. Kikiwa kizima hakuna anayekikumbuka. Kikigoma siku ya mzigo, unatamani kukitupa dirishani. Printa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Printa nyingi tunazoziita mbovu si mbovu. Tunampa fundi hela, tunanunua wino ambao hatukuuhitaji, wengine tunanunua printa nyingine kabisa, kwa sababu tu hatujajizoeza kuuliza swali moja dogo: kosa liko upande gani? Kwenye printa, au kwenye kompyuta na njia inayoenda kwenye printa?

Najua kuna atakayesema, "Dada, mimi nauza madera, si fundi kompyuta." Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ngoja nikusimulie kilichonitoa huko.

Nauza nguo za watoto, niko Dar, na wateja wangu wengi wako mikoani. Kila mzigo naubandikia lebo: jina la mteja, namba ya simu, mkoa anakopokelea, na kilichomo kwa ufupi. Wiki ya mwisho kabla ya Idi nilikuwa na mizigo 26 ya kufikisha stendi siku moja. Usiku wake umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Asubuhi nakaa kwenye kompyuta, nabonyeza kuprinti, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kompyuta inaniambia printa iko "Offline", na printa yenyewe hii hapa mbele yangu, taa inawaka.

Nilifanya kila kitu ambacho mtu asiyejua anafanya. Nilizima nikawasha. Nilitoa katriji nikarudisha. Nilibonyeza kuprinti labda mara kumi na tano kwa hasira. Nikaenda kununua katriji mpya, maana nilijiambia lazima wino umeisha. Hakuna kitu. Saa sita mchana nikampigia fundi, na wakati namsubiri nikachukua kalamu na kuanza kuandika lebo kwa mkono, haraka haraka, huku naangalia saa.

Sasa hapo ndipo nilipojiumiza. Nilikuwa na wateja wawili wenye jina moja la kwanza, mmoja Mwanza na mwingine Mbeya. Nikachanganya. Nguo za mtoto wa miaka miwili zikaenda kwa mama mwenye mtoto wa miaka tisa, na za wa miaka tisa zikaenda kwa wa miaka miwili. Sikukuu ikapita, watoto wawili hawajavaa nguo walizonunuliwa. Mmoja nilimrudishia hela yake. Mwingine aliniandikia ujumbe mfupi tu: "Asante dada, nimeshanunua kwingine." Hajawahi kurudi mpaka leo. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Na fundi je? Alikuja, wala hakugusa kompyuta. Aliweka karatasi moja kwenye kioo cha printa, akabonyeza kitufe cha kopi. Kopi ikatoka safi kabisa. Akaniambia, "Printa yako nzima, mama." Kisha akakaa kwenye kompyuta dakika kama kumi, akamaliza, akachukua elfu thelathini yake akaondoka. Katriji niliyonunua ilikuwa bado kwenye boksi lake.

Fundi hakunionea. Alikuja kwa nauli yake na aliuza anachokijua. Mimi nililipia nisichokijua: elfu thelathini, na katriji, na nauli ya kurudisha mizigo, na mteja mmoja. Tangu siku hiyo nimeona sisi wenye biashara ndogo tunapoteza hela nyingi hapa bila hata kuziandika kwenye daftari la matumizi.

JARIBIO LA KOPI: ANZIA HAPA KILA MARA

Kama printa yako ina kioo cha kuskani, weka karatasi yenye maandishi, bonyeza kopi. Kazi hiyo haihitaji kompyuta, haihitaji waya wala waifai. Printa inafanya yenyewe kwa yenyewe. Kama haina kioo, nyingi zina ukurasa wa majaribio unaotoka kwa kubonyeza vitufe vyake. Kitabu kilichokuja nayo kinaeleza. Zile printa ndogo za lebo na risiti, nyingi ukishikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku unaiwasha, zinatoa karatasi ya majaribio.

Matokeo ni mawili tu. Kopi ikitoka safi, basi wino upo, karatasi inapita, printa ni nzima. Usinunue wino, usifungue mfuniko, usiitingishe. Kosa liko kwenye kompyuta au njiani. Kopi ikitoka vibaya au isipotoka kabisa, basi acha kuhangaika na kompyuta. Hata ukifuta programu mara mia na kuweka upya, haitasaidia kitu.

Jaribio hili ni la dakika moja, na linakuondolea nusu ya mambo ya kuhangaikia. Unajua kabisa mkono wako uende wapi.

KOPI IMETOKA SAFI, LAKINI KOMPYUTA HAIPRINTI

Kwanza, angalia uko kwenye mtandao gani. Hili nimeliona kwa wenzangu wengi sana. Printa imeunganishwa na waifai ya nyumbani. Bando la nyumbani limeisha au intaneti imekuwa nzito, mtu kahamishia kompyuta kwenye hotspot ya simu, kasahau. Kompyuta iko nyumba moja, printa iko nyumba nyingine, zitaonana vipi? Rudisha zote mbili kwenye mtandao mmoja. Hata kama bando limeisha, waifai ya ruta bado inaweza kuziunganisha, maana kuprinti ndani ya nyumba hakuhitaji intaneti. Na ukinunua ruta mpya kumbuka kwamba printa nyingi za nyumbani zinashika waifai ya 2.4 GHz tu. Ukiitafutia ya 5 GHz haitaiona.

Pili, ile hali yangu mimi. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ikiwaka upya inaweza kuipa printa anwani nyingine ndani ya mtandao. Kompyuta inaendelea kugonga mlango wa nyumba ya zamani, hakuna anayejibu, inakuandikia "Offline". Dawa ya haraka: nenda kwenye mpangilio wa Windows, sehemu ya "Printers & scanners", iondoe printa hiyo, kisha iongeze upya. Dawa ya kudumu: ipangie anwani isiyobadilika kwenye ruta. Ukiona hilo ni gumu, tumia waya wa USB. Mimi siku hizi natumia waya, wala sioni aibu. Waya hausumbuliwi na kukatika kwa umeme wala na ruta. Kama printa yako inakaa mita moja kutoka kwenye kompyuta, waifai ya nini?

Tatu, foleni iliyokwama. Kila unapobonyeza kuprinti, kazi inaingia kwenye foleni. Kazi moja ikikwama, zote zilizo nyuma yake zinasubiri. Halafu wewe kwa hasira unabonyeza mara kumi na tano kama mimi, na siku foleni ikifunguka, printa inakutolea kurasa 15 za kitu kile kile, wino na karatasi vimekwenda. Fungua foleni ya printa, futa kazi zote, zima printa, washa upya kompyuta, kisha iwashe printa na ujaribu mara moja tu. Kuna kazi zinagoma kufutika. Hapo andika "services" kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, tafuta "Print Spooler", isimamishe. Kisha fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani yake, si folda yenyewe, halafu rudi uwashe tena "Print Spooler". Hapa na fundi hufanya hivyo hivyo.

Nne, umetuma kazi kwenye printa nyingine bila kujua. Windows ina mpangilio unaoitwa "Let Windows manage my default printer". Ukiwa umewashwa, printa uliyoitumia mwisho ndiyo inakuwa ya kwanza kuchaguliwa. Juzi ulihifadhi ankara kama PDF, basi leo kompyuta inafikiri unataka PDF tena. Unabonyeza, inakuuliza uhifadhi faili wapi, unashangaa. Zima mpangilio huo, kisha chagua mwenyewe printa yako iwe ya kudumu.

LEBO IMETOKA, LAKINI IMEKAA VIBAYA

Hapa hakuna kilichoharibika, ni vipimo tu, ila hasara yake ni kubwa kwa sisi wauzaji.

Karatasi tunayotumia huku ni A4, milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia "Letter", milimita 216 kwa 279. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua zinakuja na mpangilio wa Kimarekani. Matokeo yake maandishi ya pembeni yanakatwa, au printa inasimama na kuomba karatasi wakati karatasi ipo. Wewe unafikiri imeharibika, kumbe inasubiri karatasi ya "Letter" ambayo hata dukani kwetu hupati kirahisi. Badilisha iwe A4 sehemu zote mbili: kwenye mpangilio wa printa, na kwenye programu unayoprintia.

Jambo lingine ni ukubwa. Ukiwa unaprinti PDF, kuna sehemu ya "Fit" na sehemu ya "Actual size". Barua ya kawaida, "Fit" haina shida. Lebo au stika iliyopangwa kwa vipimo maalumu, chagua "Actual size" au asilimia 100. Ukiiacha "Fit", stika zako 24 za karatasi moja zitasogea kidogo kidogo, ya mwisho itakuwa imeangukia kwenye mstari wa kukatia.

Na kama unaweka QR kwenye mzigo ili mteja akuskani arudi kwenye ukurasa wako, iachie nafasi nyeupe pande zote nne na usiibane ikawa ndogo sana. Kabla hujaprinti 50, printi moja uiskani kwa simu yako. QR isiyosomeka ni kuchafua karatasi tu.

Usiprinti pia kutoka kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp. Picha ikipita pale inabanwa ukubwa, maandishi yanakuwa na ukungu, halafu unailaumu printa. Omba utumiwe kama faili, yaani dokumenti. Na PDF ikitoka na maandishi ya ajabu ajabu au visanduku, kwenye Adobe Reader ingia sehemu ya "Advanced" kabla ya kuprinti, weka tiki kwenye "Print as image". Mara nyingi inatoka vizuri.

KOPI YENYEWE IMETOKA VIBAYA

Sasa tumerudi kwenye printa. Hapa lazima ujue una printa ya aina gani, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Printa ya wino wa maji. Ikitoa mistari mitupu au rangi moja imepotea, mara nyingi vitundu vya kutolea wino vimekauka kwa kukaa bila kazi. Kuna kazi ya kusafisha kichwa kwenye programu yake. Fanya mara moja, toa kopi, angalia. Bado? Fanya ya pili. Ikifika ya tatu hakuna nafuu, acha. Iache ilale usiku kucha, jaribu kesho yake. Kila usafishaji unakunywa wino wako, na wino huo unakwenda kwenye sponji ya taka ndani ya printa. Sponji nayo ikijaa, printa inagoma hadi ihudumiwe. Nimemwona mtu kasafisha mara tisa mfululizo, kamaliza wino, halafu anasema printa hii inakula wino. Imekula kwa sababu umeilisha.

Kama ni ile ya matanki, usiruhusu wino ushuke chini ya mstari wa chini. Hewa ikiingia kwenye mirija, ni kazi kuitoa. Na zima printa kwa kitufe chake, usichomoe tu ukutani. Ukitumia kitufe, kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa. Ukichomoa katikati ya kazi, kinabaki wazi kinakauka, na wiki ijayo unaanza kutafuta fundi.

Printa ya leza. Hii haina wino wa maji, ina unga, yaani tona. Maandishi yakififia, itoe tona, itikise taratibu kulia na kushoto, irudishe. Mara nyingi unapata kurasa za kukumalizia siku. Usiguse ile silinda inayong'aa wala usiiache kwenye mwanga mkali. Doa likijirudia kwa umbali ule ule chini ya ukurasa, ujue kuna silinda au rola yenye alama. Maandishi yakifutika ukiyapitishia kidole, angalia kwanza kama umechagua aina sahihi ya karatasi. Kama ni sahihi, basi sehemu ya kuchomea unga haipati joto, na hiyo ni kazi ya fundi. Unga ukimwagika futa kwa kitambaa kikavu au maji baridi, ya moto yanaugandisha. Na tafadhali, leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Inavuta umeme mwingi kwa mkupuo inapopasha joto.

Printa ndogo ya lebo au risiti. Hii haitumii wino kabisa, inachoma karatasi kwa joto. Kwa hiyo mtu akikwambia wino wa printa yako ya risiti umeisha, shika pochi yako vizuri. Karatasi ikitoka nyeupe tupu, umeiweka kinyumenyume. Kwangua kwa kucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaotakiwa kuelekea kichwani. Ikitoa mstari mweupe unaoshuka, kichwa kina uchafu. Izime, iache ipoe, ifute kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke. Na ujue maandishi yake hufifia kwa jua na joto, kwa hiyo risiti unayotaka kuitunza miaka, ipige picha.

Karatasi. Sisi wa pwani tuna unyevu hewani mwaka mzima. Rimu ikikaa wazi, karatasi zinavuta unyevu, zinashikana, printa inavuta tatu kwa mpigo na kukwama. Funga rimu yako kwenye mfuko wake. Kabla ya kuiweka, ipepee kwa vidole na usijaze trei mpaka juu. Ikikwama, izime, chomoa, vuta kwa mikono miwili taratibu kufuata njia karatasi inakopita. Ikichanika, viunganishe vipande mezani uone kama ukurasa umetimia. Kipande kidogo kama ukucha kikibaki ndani, kesho itakwama pale pale. Na ikishindwa kuvuta karatasi kabisa, rola za mpira zina vumbi. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisichoacha nyuzi.

FUNDI ANA KAZI YAKE

Sijaandika haya ili mafundi wafe njaa. Kuna mambo ni ya kwao: umeme wa ndani, joto la leza, sponji iliyojaa, meno yaliyovunjika, printa inayonuka kuungua. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa ukutani na usiwashe tena. Lakini hata hapo, ukimpigia ukasema "kopi inatoka vibaya, mstari unajirudia, tona nimebadilisha mwezi uliopita", anajua aje na nini, na wewe unajua analipwa kwa kazi gani. Ukisema "printa imekufa", umempa hundi ambayo haijaandikwa kiasi.

NA WENGINE HATUHITAJI PRINTA

Hili najua halitawafurahisha wote. Kama unatuma mizigo mitatu au minne kwa wiki, usinunue printa bado. Ya wino itakauka kwa kukosa kazi, na utatumia hela nyingi kuifufua kuliko kuitumia. Nenda steshenari ya mtaani, printi lebo zako kwa mkupuo, kata, weka. Ila faili lenye majina na namba za simu za wateja wako usiliache kwenye kompyuta ya watu. Lifute mbele yako, na kwenye kapu la takataka pia. Mteja alikupa namba yake wewe, si mtaa mzima.

Ukifika hatua ya kununua, usiulize bei ya printa peke yake. Uliza wino au tona ni shilingi ngapi na inatoa kurasa ngapi, kisha gawanya. Printa ya bei rahisi yenye katriji ghali ni kama pikipiki ya mkopo: siku ya kuichukua unacheka, siku nyingine zote unalipa.

SIKU YA MZIGO SI SIKU YA KUJIFUNZA

Kosa langu kubwa halikuwa kutojua anwani ya mtandao. Kosa langu ni kwamba mara ya mwisho kuigusa printa ile ilikuwa siku kumi nyuma, halafu nikaja kuitegemea siku yenye mizigo 26.

Siku hizi kila Jumatatu asubuhi natoa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Ni ukurasa mmoja tu, wino haukauki na tatizo nalijua Jumatatu, si Ijumaa saa sita. Lebo naziprinti usiku wa kuamkia siku ya kutuma. Nakala ya PDF iko kwenye simu, ili printa ikigoma niende steshenari badala ya kushika kalamu. Ikibidi niandike kwa mkono, kila lebo naisoma kwa sauti pamoja na namba ya oda kabla ya kubandika. Na zile za wino wa maji nazifunika kwa selotepu pana, maana mvua ikiinyeshea bodaboda njiani, jina la mteja linageuka doa la bluu.

Chukua dakika moja leo, kabla hata oda haijaingia. Weka karatasi kwenye kioo, bonyeza kopi. Andika kwenye kipande cha karatasi aina ya printa yako, aina ya wino wake, na mahali steshenari ya karibu ilipo, kibandike ukutani. Siku ikigoma, utaanzia hapo badala ya kuanzia kwenye hasira.

Yule mama wa Mbeya bado namba yake ninayo. Kila Idi ikikaribia namtumia salamu, simuuzii kitu. Mwaka huu amejibu: "Na kwako pia." Nimeanza kupata matumaini kidogo.

Kama una mwenzako ambaye printa yake iko juu ya kabati inasubiri kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu, mtumie hii. Mwambie kabla hajaiuza, aishushe, aichomeke, abonyeze kopi.